Kutoka Gome la Mkwinini hadi Chanjo ya Umurinzi: Historia ya Dawa Mpya katika Ukingo wa Mto Rusizi

1.0 Utangulizi

Mto Rusizi huanzia katika Ziwa Kivu na kuteremka kusini hadi Ziwa Tanganyika. Pale unapoanzia, mji wa Bukavu umekaa upande wa magharibi na Cyangugu upande wa mashariki, na kati yake pana daraja ambalo wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake, hulivuka asubuhi na kulirudia jioni. Wilaya ya Rusizi, iliyorithi sehemu ya mkoa wa zamani wa Cyangugu katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, huandikwa katika taarifa nyingi za afya kama eneo la pembezoni: mbali na Kigali, karibu na hatari. Maelezo hayo si ya uongo. Hata hivyo, yanaficha jambo ambalo makala haya yanakusudia kulifunua.

Hoja yetu ni kwamba ukingo huu wa mto haukuwa mahali pa kupokea dawa mpya baada ya wengine kwisha kuzitumia. Kwa takriban miaka tisini, ukanda huu umekuwa shamba, kituo cha vipimo, na hatimaye mahali ambapo chanjo iliyotengenezwa kwa uhandisi wa jeni iliwafikia watu wengi kabla mamlaka za dunia hazijaipa kibali. Swali ni nini kilichobaki mahali pale baada ya kila zamu. Tutakaa zaidi katika miaka ya 2019 hadi 2021, kwa sababu ndiyo yenye mafunzo mengi na pia ndiyo inayosahaulika haraka, ikiwa imemezwa na kumbukumbu ya UVIKO-19.

2.0 Gome na chumvi yake

Kwinini ilitenganishwa kutoka katika gome la mkwinini mwaka 1820 na wanakemia wawili wa Kifaransa, Pelletier na Caventou. Zaidi ya karne moja baadaye, mti huo wa milima ya Amerika ya Kusini ulikuwa umeota mizizi katika nyanda za juu za Kivu. Utawala wa Kibelgiji ulianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, mwaka 1933, na kituo chake cha Mulungu, karibu na mji ambao wakati huo uliitwa Costermansville na leo ni Bukavu, kilishughulikia mkwinini pamoja na mazao mengine ya mwinuko. Udongo wa volkano, mvua za mara kwa mara na baridi ya usiku viliufaa.

Kilichoufanya mti huo kuwa suala la vita ni tukio la mbali sana. Mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliiteka Java, kisiwa kilichokuwa kikitoa zaidi ya asilimia 90 ya gome la mkwinini duniani. Ghafla majeshi ya Washirika yaliyokuwa yakipigana katika nchi zenye malaria yakakosa dawa, na mashamba ya Kivu yakapewa uzito ambao hayakuwa nao. Baada ya vita Bukavu ilibaki na kiwanda. Pharmakina, kampuni iliyokuwa mali ya Boehringer Mannheim ya Ujerumani kabla ya kununuliwa na mameneja wake mwishoni mwa miaka ya 1990, iliendelea kuchemsha gome na kutoa chumvi za kwinini hata vita vilipoizunguka. Katika miaka ya 2000 kiwanda hichohicho kilitengeneza dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI kwa ajili ya soko la Kongo. Ni jambo la nadra, na nadhani halijapewa nafasi inayostahili katika historia ya viwanda vya dawa barani mwetu.

Hapa inafaa kutaja tofauti moja. Kwinini ilikuwa dawa ya mmea, na nchi yenye mmea ilikuwa na kitu cha kuuza. Artemisinini ilianza vivyo hivyo: Tu Youyou na wenzake waliitoa katika pakanga ya Kichina mwaka 1972, na wakulima wa Afrika ya Mashariki walilima pakanga hiyo kwa matumaini makubwa. Kisha Jay Keasling na wenzake huko California wakaibebesha hamira jeni za mmea huo, hamira ikazalisha asidi ya artemisini ndani ya tangi, na mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ikaanza uzalishaji wa kiwandani kwa njia hiyo nchini Italia. Hamira haikuwaua wakulima kibiashara kama ilivyohofiwa, kwa kuwa bei ya pakanga ilishuka hadi tangi likashindwa kushindana nayo. Lakini tishio lenyewe lilitosha kuonyesha kwamba katika zama za bioteknolojia mali ya eneo kama Rusizi haiko tena katika udongo wake. Iko katika damu ya watu wake, yaani katika taarifa zinazosomwa ndani ya damu hiyo.

3.0 Bugarama na siku ya tatu

Bonde la Bugarama, kusini mwa wilaya, ni mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda. Kuna joto, mashamba ya mpunga na mbu. Mwaka 2018 Bugarama ilikuwa moja ya vituo vitatu vya uchunguzi wa ufanisi wa dawa mseto ya artemeta na lumefantrini kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Vingine vilikuwa Masaka, karibu na Kigali, na Rukara upande wa mashariki. Utaratibu wa uchunguzi kama huo ni rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Mtoto hupewa dawa, damu yake huchukuliwa siku baada ya siku, na mtafiti huangalia kama vimelea bado vipo siku ya 3. Kizingiti kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) ni asilimia 10: ikizidi hapo, kuna sababu ya kushuku ukinzani dhidi ya artemisinini.

Masaka na Rukara zilivuka kizingiti hicho. Bugarama haikuvuka. Wakati huohuo uchunguzi wa jeni ya kelch13 ulionyesha mabadiliko yaitwayo R561H. Mabadiliko hayo yalikuwa tayari yamepatikana katika sampuli za Masaka za miaka ya nyuma kwa kiwango cha asilimia 7.4, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na kuthibitisha kwamba ukinzani huo ulizaliwa Rwanda kwenyewe bila kuletwa kutoka Asia.

Kwa kawaida matokeo ya Bugarama husomwa kama habari njema isiyo na habari. Kwa maoni yangu, huko ni kusoma vibaya. Mahali ambapo ukinzani haujaonekana ndipo kipimo cha mwanzo kinapopatikana, na bila kipimo hicho hakuna anayeweza kusema miaka kumi baadaye kwamba jambo fulani limebadilika. Watoto wa Bugarama waliotoa damu kwenye karatasi ya chujio waliweka msingi wa kupimia dawa zijazo, ikiwemo ile ya ganaplasidi na lumefantrini ambayo mwishoni mwa mwaka 2025 ilitangazwa kuponya asilimia 97.4 ya wagonjwa katika jaribio la nchi 12 za Afrika, ikilinganishwa na asilimia 94.0 ya dawa iliyozoeleka. Dawa hiyo ni ya kundi jipya kabisa, na shabaha yake ni pamoja na vimelea vyenye mabadiliko ya kelch13.

4.0 Umurinzi

4.1 Mlipuko ng'ambo ya mto

Tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini. Ulipomalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Kwa upande wa Rusizi hatari ilikuwa mbali mwaka wa kwanza. Julai 2019 mgonjwa alipatikana Goma, mkabala na Rubavu, na tarehe 17 mwezi huo WHO ikatangaza dharura ya kimataifa. Agosti ugonjwa ukaonekana Mwenga, Kivu Kusini, kwenye barabara inayoelekea Bukavu. Sasa ilibaki daraja.

Mlipuko huo ndio uliogeuza tiba ya Ebola kutoka huduma ya kusubiri kifo kuwa tiba halisi. Jaribio lililoitwa PALM, lililoanza Novemba 2018, lililinganisha dawa nne kwa wagonjwa 681. Agosti 2019 lilisimamishwa kwa sababu mbili kati yake zilikuwa zimejitenga wazi na nyingine: waliopewa mchanganyiko wa kingamwili uitwao REGN-EB3 walikufa kwa asilimia 33.5, waliopewa mAb114 kwa asilimia 35.1, ilhali waliopewa ZMapp walikufa kwa karibu nusu na waliopewa remdesivir kwa zaidi ya nusu. Historia ya mAb114 inastahili kusimuliwa katika kila darasa la tiba la ukanda wetu. Asili yake ni damu ya mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995. Miaka kumi na mmoja baadaye, kwa ushirikiano wa Profesa Jean-Jacques Muyembe na watafiti wa Marekani, chembe zake zilikuwa bado zinakumbuka adui, na kutoka katika kumbukumbu hiyo ikatengenezwa kingamwili moja inayozalishwa kiwandani. Marekani iliidhinisha dawa zote mbili mwishoni mwa mwaka 2020. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) wamekwisha kulalamika hadharani kwamba sehemu kubwa ya akiba yake imo katika ghala la usalama la nchi hiyo.

Chanjo nayo ilikuwa na mgogoro wake. Chanjo ya kwanza, rVSV-ZEBOV, ilitolewa kwa waliokaribiana na wagonjwa. Ya pili, ya kampuni ya Janssen, haikufaa kuzima moto kwa kuwa ilihitaji dozi mbili zilizoachana siku 56. Ilifaa kujenga ukuta mbali na moto. Waziri wa Afya wa Kongo, Oly Ilunga, aliipinga kwa hoja kwamba kuingiza chanjo ya pili ya majaribio kungewachanganya watu waliokuwa tayari na mashaka. Tarehe 22 Julai 2019 alijiuzulu baada ya usimamizi wa mlipuko kukabidhiwa Muyembe. Septemba uamuzi wa kuitumia ukatangazwa, na Novemba ikaanza kutolewa Goma. Yafaa kukiri kwamba hoja ya Ilunga haikuwa ya kipuuzi. Ilihusu mahali palipokuwa na vita na uvumi. Upande wa Rwanda hali ya kiutawala ilikuwa tofauti, na hapo ndipo ukuta ulipojengwa.

4.2 Chanjo na jina lake

Desemba 2019 Rwanda ilizindua mpango wa chanjo hiyo katika wilaya mbili za mpakani, Rubavu na Rusizi, kwa lengo la kuwafikia watu 200,000, hasa wanaovuka mpaka kwa kazi na biashara. Dozi ya kwanza ni kirusi cha adeno namba 26 kilichonyang'anywa uwezo wa kuzaliana na kubebeshwa jeni ya protini ya ganda la Ebola aina ya Zaire. Dozi ya pili ni MVA, kirusi cha chanjo ya ndui ambacho Anton Mayr wa Munich alikipitisha zaidi ya mara 500 katika chembe za kiinitete cha kuku hadi kikapoteza ukali wake, nacho kikabebeshwa jeni za jamaa kadhaa wa Ebola, pamoja na Marburg. Dozi ya kwanza huufundisha mwili, ya pili huukumbusha.

Mpango uliitwa Umurinzi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: umurinzi ni mlinzi. Vivyo hivyo jaribio lililofuata kwa ajili ya wajawazito liliitwa Ingabo, neno ambalo leo katika Kinyarwanda hutaja pia majeshi lakini ambalo mzizi wake ni uleule wa ngao yetu. Nalo neno la kawaida la chanjo katika Kinyarwanda, urukingo, ni ndugu wa kinga. Katika Kiswahili tunasema chanjo, kutokana na kuchanja, yaani tunakitaja kitendo kwa jeraha lake. Kinyarwanda hukitaja kwa faida yake. Sidai kwamba mzizi wa neno huamua kama mtu atanyoosha mkono wake mbele ya sindano. Lakini katika mpango uliohitaji ridhaa ya kila mtu kwa dawa ambayo haikuwa na kibali, jina linaloeleweka pande zote mbili za mto halikuwa jambo dogo. Kiswahili ni lugha ya soko la Kamembe na la Bukavu, na tangu 2017 ni lugha rasmi nchini Rwanda. Watayarishaji wa fomu za ridhaa katika kanda yetu wangefaa kuwa na mtaalamu wa lugha mezani tangu rasimu ya kwanza, badala ya kumwita mwishoni afasiri.

4.3 Siku hamsini na sita

Ugumu mkubwa wa mpango ulikuwa kumrudisha mtu yuleyule baada ya wiki nane. Watu wa mpakani huhama, hubadilisha namba za simu, na majina hufanana. Suluhisho lililotumika lilikuwa picha ya mboni ya jicho: mtu aliandikishwa kwa jicho lake, na aliporudi jicho hilohilo lilifungua kumbukumbu zake.

Kisha likaja jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Tarehe 21 Machi 2020 Rwanda iliamuru watu wabaki nyumbani kwa sababu ya UVIKO-19. Hesabu ni nyepesi: aliyechomwa dozi ya kwanza tarehe 26 Januari, siku yake ya 56 iliangukia ndani ya amri hiyo. Baadaye mwaka huohuo Rusizi ilifungwa tena peke yake, baada ya maambukizi kuonekana miongoni mwa watu wa mpakani. Mpaka wenyewe, ambao ulikuwa sababu ya mpango, haukuvukwa na watu wa kawaida kwa miezi mingi. Hata hivyo, kufikia Septemba 2021 zaidi ya watu 200,000 wa wilaya hizo mbili walikuwa wamepata dozi zote mbili. Katika mazingira kama yale, idadi ya waliorejea kwa dozi ya pili ndiyo takwimu yenye uzito kuliko zote za mpango, kwa kuwa inapima imani, si usambazaji tu.

Umoja wa Ulaya uliiidhinisha chanjo tarehe 1 Julai 2020, mpango ukiwa katikati. Kibali hicho kilikuwa cha mazingira ya kipekee: kinga ya binadamu ilikadiriwa kwa kulinganisha damu za watu na za nyani waliochanjwa kisha wakaambukizwa, kwa sababu haikuwezekana kupima katika mlipuko. Hapa pana kitendawili ambacho watunga sera hawapendi kukisikia. Ebola haikuvuka Rusizi. Kwa hiyo watu 200,000 hawakuweza kuthibitisha kwamba chanjo inakinga. Walithibitisha kitu kingine: kwamba inaweza kutolewa kwa wingi bila madhara makubwa ya kushtua, na taarifa hiyo ilikuwa na thamani ya haraka. Aprili 2021, chanjo ya UVIKO-19 ya kampuni hiyohiyo, iliyojengwa juu ya kirusi hichohicho cha adeno namba 26, ilipotiliwa shaka kwa kugandisha damu, moja ya makundi makubwa duniani ya watu waliowahi kuchomwa kirusi hicho ilikuwa magharibi mwa Rwanda.

4.4 Wajawazito

Umurinzi haukuruhusu wajawazito kuchanjwa. Uamuzi huo ulifuata desturi ya miaka mingi, na desturi hiyo ilikuwa imekwisha kugharimu: katika Kivu, wajawazito na wanaonyonyesha walinyimwa chanjo ya kwanza hadi mwaka 2019, ilhali Ebola huua karibu kila mimba inayoipata. Jaribio la Ingabo lilifanyika kujibu swali hilo. Zaidi ya wajawazito 2,000 wa magharibi mwa Rwanda waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakachanjwa wakiwa na mimba na wengine baada ya kujifungua. Madhara kwa mama na mtoto hayakuongezeka katika kundi la kwanza. Kwa mtazamo wangu, huu ndio mchango mkubwa wa kisayansi uliotoka katika ukanda huu tangu gome la mkwinini, na ni mchango ambao nchi tajiri hazikuwa na njia ya kuupata kwao.

5.0 Yaliyobaki

Septemba 2024 Rwanda ilianza kuwachanja watu dhidi ya homa ya nyani (mpox) katika wilaya saba zinazopakana na Kongo. Chanjo iliyotumika, MVA-BN, ni ndugu wa dozi ya pili ya Umurinzi, ikiwa haijabebeshwa jeni za Ebola. Siku chache baadaye, tarehe 27 Septemba, Marburg ikatangazwa nchini. Dozi za kwanza za chanjo ya majaribio ziliwasili na kuanza kutolewa katika muda wa siku kumi hivi, wagonjwa wakipewa remdesivir na kingamwili za MBP091. Walikufa watu 15 kati ya 66, kiwango ambacho ni cha chini sana kwa ugonjwa huo. Wepesi huo haukuzaliwa siku hiyo. Kamati za maadili, wauguzi waliozoea fomu za ridhaa, majokofu na mikataba vilikuwa vimejengwa kwa miaka, na sehemu ya ujenzi huo ilifanyika Rusizi na Rubavu.

Pamoja na hayo, yapo mambo ambayo hayakubaki. Kiwanda cha chembe mRNA cha BioNTech kipo Kigali. Bukavu, yenye historia ndefu ya viwanda vya dawa, haitajwi katika mipango ya kikanda ya uzalishaji, na Rusizi hutajwa kama mahali pa kuchunguzwa tu.

Suala lililo wazi zaidi ni la kumbukumbu za macho. Maelekezo ya chanjo ya Janssen yanasema kwamba mtu aliyekamilisha dozi mbili zaidi ya miezi minne iliyopita, akiwa katika hatari ya karibu ya Ebola, anaweza kupewa dozi ya kuongeza nguvu ya adeno namba 26. Kila aliyechanjwa Rusizi kati ya 2019 na 2021 yumo katika kundi hilo leo. Wengi wao huvuka mto kila siku, na wengine wamehamia ng'ambo. Mlipuko ukitokea tena Kivu Kusini, mwanamke aliyeandikishwa kwa jicho lake Kamembe na ambaye sasa anauza samaki Bukavu atafika katika kituo cha afya kisicho na mashine ya kulisoma jicho hilo, kilicho chini ya mamlaka isiyo na mkataba wa kuzifikia taarifa zake. Mkataba wa namna hiyo hauhitaji maabara wala tangi la hamira. Unahitaji saini mbili, moja kila upande wa daraja.